Nyufa na Maji Kwenye Msingi wa Nyumba Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Aprili simu yangu hailali. Mama wa mtaa wa Utawala anasema ukuta wa chumba cha watoto umechanika. Mzee wa South C anasema sakafu ya sebuleni imefura kama chapati. Wa Kileleshwa analalamika kwamba maji yanatoka chini ya ngazi na hajui yametokea wapi. Nimesimamia ujenzi jijini kwa miaka mingi, na maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa watu nikiwa nimesimama nao uani, viatu vimejaa tope.

Nimeona ufa ukutani. Nyumba inaanguka?

Pengine hapana. Nyumba nyingi za mawe zina nyufa, na nyingi kati ya hizo ni za plasta tu. Plasta iliyokauka haraka, au iliyochanganywa na simiti nyingi kupita kiasi, hupasuka mistari membamba kama utando wa buibui. Hiyo inachukiza macho tu.

Kabla ya kuogopa, pima. Chukua kadi ya benki; unene wake ni milimita 0.76. Ikikataa kuingia kwenye ufa, ufa huo uko chini ya milimita moja, na mara nyingi kazi yake ni ya fundi wa rangi. Ufa wa hadi milimita 5 unazibika, ingawa dirisha lililo karibu linaweza kuanza kukwama. Kati ya milimita 5 na 15, milango inakataa kufunga, mabomba yanaweza kukatika, na mawe mengine huenda yakahitaji kutolewa na kujengwa upya. Ukipita milimita 15 usiite fundi wa plasta, ita mhandisi. Ukipita 25, mwite leo.

Upana ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni umbo. Ufa unaopanda kwa vidato kama ngazi, ukifuata simiti iliyo kati ya mawe, unakuambia kwamba upande mmoja wa nyumba umeshuka kuliko mwingine. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi kona ndiyo inayozama. Ukiwa mpana chini, shuku katikati ya ukuta. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango hutokea pale ukuta ulipo dhaifu, kwa hiyo ndiyo pembe ya kwanza ninayoitazama nikiingia nyumba ya mtu. Ufa uliosimama wima pale nguzo ya zege inapokutana na mawe kwa kawaida ni wa vitu viwili visivyopanuka sawasawa. Fundi alisahau kulaza utepe wa chuma wa kuvishikanisha.

Ufa uliolala, unaokwenda sambamba na ardhi kwenye ukuta unaozuia udongo, huo ni mwingine kabisa. Nitaurudia.

Nitajuaje kama ufa bado unatembea?

Piga mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake na uandike tarehe hapo hapo ukutani. Weka alama pia pale ncha ya ufa inapoishia. Rudi kila baada ya wiki mbili. Wazee wetu wa kazi walikuwa wakibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa simiti pande zote mbili: ukuta ukisogea, kioo kinakatika. Njia hiyo bado inafanya kazi, na kioo cha dirisha lililovunjika hakikugharimu chochote.

Fuatilia angalau kwa msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi. Ufa unaofunguka Februari na kujifunga Mei haukutokana na fundi mbaya wa plasta. Hapo chini kuna udongo unaopumua.

Mbona nyumba yangu imepasuka na ya shemeji yangu kule Runda haina hata mstari?

Kwa sababu hamjajenga juu ya kitu kimoja. Nairobi ina udongo wa aina nyingi, lakini mbili ndizo zinazotusumbua vichwa. Upande wa kaskazini na magharibi kuna udongo mwekundu, mzito wa kina, unaopitisha maji vizuri. Upande wa mashariki na kusini, kuanzia South C na Embakasi mpaka Utawala, Ruai, Syokimau na Kitengela, umejaa udongo mweusi ambao mafundi huuita blaki kotoni. Wamaasai walipaita hapa mahali pa maji baridi, na reli ilipofika 1899 ilipiga kambi pembeni mwa kinamasi. Sisi ndio tuliopasahau.

Udongo mweusi ni mfinyanzi wa aina inayofyonza maji katikati ya chembe zake na kufura. Ukikauka unasinyaa, na ndiyo maana Januari unaona mashimo marefu ardhini ambayo mtoto anaweza kuingiza mkono. Nguvu ya kufura kwake inatosha kunyanyua sakafu na ukuta wa nyumba ya chini. Tena haunyanyui sawasawa. Udongo ulio katikati ya nyumba umefunikwa, hivyo unabaki na unyevu ule ule mwaka mzima. Ule wa pembeni unaloa na kukauka na misimu. Kwa hiyo kona zinapanda na kushuka huku katikati kumetulia, na ukuta ndio unaolipa deni.

Dawa yake inajulikana na kila mkandarasi mwaminifu: udongo mweusi wote unatolewa chini ya nyumba mpaka ufikie maramu ngumu (udongo wa changarawe) au mwamba, halafu shimo linajazwa mawe na maramu iliyoshindiliwa kwa tabaka. Mahali pengine ni chini ya mita moja, pengine ni zaidi ya mbili, na hapo ndipo watu hukata kona. Nimefungua sakafu ya nyumba moja ya maonyesho, ya kupendeza kweli, nikakuta udongo mweusi umerudishwa chini ya slabu na kufunikwa na mawe ya kina cha futi moja. Msingi wa kuta ulikuwa umefika kwenye mwamba. Sakafu ilikuwa inaelea. Ndiyo maana kuta zilikuwa salama na vigae vilikuwa vinapasuka katikati ya chumba kimoja baada ya kingine.

Sasa nifanye nini kwanza, nizibe ufa?

Hapana. Najua utanikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimewaona waliojenga ukuta kwa sababu ya kuziba haraka mno. Tafuta maji kwanza. Maji ndiyo yanayofurisha udongo mweusi, ndiyo yanayosomba mchanga chini ya msingi, ndiyo yanayopanda ukutani. Ukiziba ufa na kuacha maji yaendelee, umenunua miezi kadhaa.

Nayatafutaje?

Anza juu, ushuke. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 50, kitu kinachoweza kutokea usiku mmoja wa Aprili, linamwaga lita 5,000. Hilo ni tangi zima kubwa jeusi la plastiki. Sasa nenda nje ukaangalie bomba la gata linamwaga wapi. Kama ni kwenye kona ya nyumba, basi kila mvua kubwa unamwaga tangi hilo juu ya msingi wako mwenyewe.

Kule South C kuna nyumba ilizibwa ufa mara tatu, na mafundi watatu tofauti, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Ufa ulikuwa kwenye kona ya nyuma. Siku niliyofika kulikuwa kunanyesha, nikasimama chini ya mwavuli nikitazama kipande cha bomba cha sentimita 30 kilichokuwa kimekatika chini ya gata. Maji yalikuwa yamechimba shimo la kuingia sufuria, na yalikuwa yakiingia chini ya ukuta badala ya kuondoka. Tuliweka bomba jipya na mtaro wa zege mpaka barabarani. Tukasubiri mvua mbili zipite, ndipo tukaziba.

Baada ya paa, jaribu mabomba. Siku yenu ya zamu ya maji, mkiwa na msukumo mzuri, funga koki zote, hakikisha tangi limejaa na halipokei, kisha tazama mita. Kigurudumu kidogo kikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna bomba linavuja kati ya mita na nyumba. Siku zisizo za zamu mita haitakuambia kitu, na hapo watu wengi wamejidanganya. Tumia tangi la juu: usiku funga maji yanayoingia, weka alama kwenye kina cha maji, lala. Asubuhi yakiwa yameshuka na hakuna aliyeamka kwenda chooni, uvujaji uko kwenye mabomba ya ndani. Tangi la chini ya ardhi jaribu hivyo hivyo kwa saa 24, na pampu ikiwa imezimwa.

Majitaka ni ya ujanja zaidi. Fungua menholi, mwaga maji yenye rangi ya chakula chooni, uone kama yanafika kwa wingi ule ule. Kama una shimo la kunyonya maji na umejenga juu ya udongo mweusi, elewa kwamba mfinyanzi ukishiba haunyonyi. Maji ya choo yatatafuta njia, na njia rahisi mara nyingi ni kokoto zilizo kando ya msingi wako.

Mwisho tazama mteremko wa uwanja. Ardhi inatakiwa kuinama kuondoka nyumbani, ikifuatiwa na ukanda wa zege kuzunguka kuta zote. Bustani ya maua iliyobanwa ukutani na kumwagiliwa kila jioni ni uvujaji wa hiari.

Rangi inabambuka chini ya ukuta na kuna unga mweupe. Ni bomba?

Inawezekana, lakini kwanza fikiria unyevu unaopanda kutoka ardhini. Mawe yetu ya kuchonga yananyonya maji kama mkate. Ule unga mweupe ni chumvi zilizobebwa na maji na kuachwa ukutani yalipokauka. Unyevu wa kupanda huwa hauvuki mita moja na kidogo kutoka sakafuni. Ukiona doa likiwa juu zaidi ya hapo, au likiwa limeanzia katikati ya ukuta, tafuta bomba, bafu au dirisha.

Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa kupikia na kuanika nguo ndani, na dawa yake ni kufungua dirisha.

Kila ukuta unapaswa kuwa na tabaka la kuzuia unyevu, lile mafundi wanaloliita dipisi, lililolazwa angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Jambo ninalolikuta mara nyingi si dipisi iliyokosekana bali iliyozikwa. Mwenye nyumba ameweka kabro nzuri uani, uwanja ukapanda inchi nane, na sasa maji yanaingia juu ya tabaka hilo. Kuondoa mstari mmoja wa kabro kando ya ukuta kumeokoa nyumba ambazo tayari zilikuwa zimepangiwa kupasuliwa plasta nzima.

Kama kweli haipo, ukuta unatobolewa mashimo kwenye mstari mmoja wa simiti, kila baada ya sentimita 12 hivi, na kudungwa dawa ya krimu inayofukuza maji. Halafu plasta yenye chumvi inabanduliwa na kupigwa mpya. Kupaka rangi ya mafuta juu ya unyevu hakusaidii. Unausukuma upande juu zaidi.

Ufa nitauziba na nini?

Inategemea kama umekufa, yaani hausogei tena, au uko hai. Uliokufa kwenye plasta: upanue kwa tindo au grinda uwe na umbo la V, usafishe vumbi, uloweshe, uzibe kwa simiti na mchanga, moja kwa tatu. Ukiziba juu juu bila kuupanua, utarudi kabla ya Krismasi.

Ufa uliokufa kwenye zege, kama kwenye bimu, hudungwa epoksi, ambayo inagundisha pande mbili ziwe kitu kimoja tena. Lakini epoksi inataka pakavu, na ukiitia kwenye ufa ulio hai zege litapasuka pembeni yake. Ufa unaotoa maji hudungwa poliyurethani, inayofura ikikutana na maji na kubaki laini kidogo. Kwenye ukuta wa mawe wenye ufa wa ngazi uliotulia, tunakwangua viungo, tunalaza vyuma vyembamba vinavyovuka ufa kila baada ya mistari michache ya mawe, kisha tunajaza upya.

Zile ndoo za dawa ya kuzuia maji zinazouzwa kila duka la vifaa ni nzuri kwa kazi yake, yaani ndani ya tangi na bafuni. Hazishikilii nyumba.

Maji yanapenya kwenye ukuta wa ghorofa ya chini ya ardhi. Nipake dawa ndani?

Ukipaka ndani tu, maji bado yanasukuma kutoka nje na siku moja yatabandua dawa yako kama ganda la ndizi. Njia sahihi ni kupunguza msukumo: kuchimba nje ya ukuta, kupaka dawa upande ule, kulaza bomba lenye matundu ndani ya kokoto chini kabisa, na kuliongoza mahali penye mteremko. Ni kazi chafu na ya gharama. Pale ambapo huwezi kuchimba kwa sababu ukuta umegusana na mpaka, ndipo unafikiria kudunga, pamoja na shimo la kukusanyia maji na pampu.

Na ule ufa uliolala niliousema: ukuta unaozuia udongo ukipasuka mlalo katikati na kutoa tumbo, udongo uliolowa unausukuma. Tumia timazi uone umeinama kiasi gani. Usirundike mchanga au kuegesha gari juu yake huku ukisubiri mhandisi.

Fundi anasema nyumba imezama na lazima tuchimbe chini ya msingi. Ni kweli?

Kuna kazi hiyo, na wakati mwingine ndiyo pekee inayofaa. Lakini namna inavyofanywa ndiyo itakayokuambia kama fundi anaijua. Anachimba kipande cha mita moja hadi moja na nusu, anaruka vingine, anachimba kingine mbali. Anamimina zege mpaka karibu na msingi wa zamani, analiacha lishike, kisha nafasi ndogo iliyobaki juu anaijaza simiti kavu kwa kuigonga kwa nguvu. Ndipo anahamia vipande vilivyorukwa. Akikuambia atafungua mtaro upande mzima wa nyumba ili kazi iende haraka, mlipe nauli arudi kwao.

Kazi hii haifanywi bila mchoro wa mhandisi.

Miti?

Mkaratusi unakunywa maji mengi mno. Kwenye udongo mweusi unakausha ardhi mpaka chini ya msingi, kwa hiyo uweke mbali na nyumba kwa umbali usiopungua urefu wake ukiwa mzima. Ila usikimbilie kuukata ule mkubwa uliokuwepo kabla ya nyumba: mizizi ikiacha kunywa, udongo unarudi kufura taratibu, na nyufa mpya zinaweza kutokea miaka kadhaa baadaye.

Jirani anachimba shimo la ghorofa na nyumba yangu imeanza kupasuka.

Huko Kilimani na Kileleshwa hili ni la kila siku. Kama hajaanza, piga picha kila ukuta, ndani na nje, zikiwa na tarehe, na ikiwezekana mhandisi wako aziweke kwenye ripoti. Bila picha za kabla, mtabishana milele kuhusu ufa upi ulikuwepo. Kama ameanza, tazama ubao wa kazi uliopo langoni. Unapaswa kuonyesha mkandarasi, mhandisi na vibali. Andika barua kwa mwenye mradi, nakala kwa ofisi ya mipango ya kaunti na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Barua, si simu. Uhifadhi nakala iliyopigwa mhuri.

Mimi ni mpangaji tu.

Mwandikie mwenye nyumba au keateka ujumbe wenye picha, ili tarehe ibaki. Usirekebishe msingi kwa pesa zako ukitumaini zitakatwa kwenye kodi kama hamjaandikiana.

Nimwite fundi au mhandisi?

Gata, mtaro, plasta na ufa mwembamba: fundi mzuri anatosha. Ufa wa ngazi unaokua, sakafu inayonyanyuka, nguzo au bimu iliyopasuka: mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Jina lake unaweza kulihakikisha huko. Mlipe kwa ripoti peke yake, na asiwe ndiye atakayekuuzia matengenezo; daktari anayemiliki duka la dawa huona malaria kila mahali.

Kwa fundi, tenganisha ufundi na vifaa, nunua simiti mwenyewe, na ulipe kwa hatua zinazoonekana. Malipo ya mwisho yangoje mvua ya kwanza. Fundi anayejiamini atanung'unika kidogo, kisha atakubali.

Ni lini natakiwa kutoka nyumbani?

Ukisikia kuta zinalia, milango iliyofunga vizuri asubuhi ikikataa jioni, nyufa zikipanuka kwa saa badala ya wiki, au zege la nguzo za chini likimeguka na kuonyesha vyuma. Toka na watu kwanza, vyombo baadaye, ndipo upige 999 au 112. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lililokuwa karibu na mto kule Huruma lilianguka na kuua makumi ya watu. Katika jengo la ghorofa usingoje keateka akuruhusu.

Msimu gani ni mzuri wa kurekebisha?

Mifereji, gata na mitaro fanya Januari na Februari, kabla ya masika kuanza Machi. Uchimbaji wowote kando ya msingi pia uwe kiangazi, kwa sababu mtaro uliofunguliwa Aprili ni kisima. Kuziba nyufa ngoja mpaka masika yapite na ufa utulie. Kwa nyumba nyingi hiyo ni kuanzia Juni. Plasta mpya imwagiliwe maji wiki nzima, kisha iachwe ikauke yenyewe kwa mwezi mmoja kabla ya rangi. Na zile alama za penseli zilizo upande ambao haukupigwa plasta, mwambie fundi wa rangi aziruke.